Mimi na Toutou

Mimi na Toutou zilikuwa mashua mbili za mwendo kasi za jeshi la majini la Uingereza, zilizotumika katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hazikuundwa kwa ajili ya vita. Zilibadilishwa zikiwa tayari zimeundwa, kisha zikasafirishwa hadi ziwani kupigana na meli za Wajerumani waliokuwa na kituo chao Kigoma.

Jina

"Mimi" hapa si neno la Kiswahili. Katika Kifaransa cha watoto mimi ni paka na toutou ni mbwa. Kamanda wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kwanza kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, lakini wakubwa wake walikataa. Ndipo akapendekeza majina hayo ya Kifaransa, yakakubaliwa.

Sababu ya msafara

Mwaka 1915 Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika. Walikuwa na meli ndogo za mvuke Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka huohuo meli kubwa Graf von Goetzen, yenye urefu wa mita 71 hivi, ilianza kazi Kigoma. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya. Aliyelishika ziwa aliweza kuhamisha askari na chakula haraka na kushambulia pwani ya Kongo ya Wabelgiji apendapo. Kwa hiyo Waingereza walitafuta chombo kidogo kinachoweza kubebwa nchi kavu bila kufunguliwa chote.

Mabadiliko yaliyofanywa

Mashua hizo ziliundwa na kampuni ya Thornycroft kwa kuhudumia ndege za majini. Zilikuwa za mbao, zenye urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 2.4. Kila moja ilikuwa na injini mbili za petroli zenye nguvu farasi 100 kila moja, na mwendo wake ulifikia noti 19 hivi, yaani kilomita 35 kwa saa.

Ili ziwe za kivita, zilifanyiwa mambo haya:

- Mzinga mdogo wa Hotchkiss uliwekwa upande wa omo, yaani mbele. Mpigaji alilazimika kupiga magoti ili kulenga.
- Bunduki ya rasharasha aina ya Maxim iliwekwa nyuma.
- Matangi ya petroli yalizungushiwa bamba la chuma, kwa sababu risasi moja ingetosha kuiwasha mashua nzima.

Kila nyongeza ilikuwa na gharama yake. Chuma na silaha viliongeza uzito, na uzito hupunguza mwendo. Tena mzinga ukipigwa husukuma nyuma kwa nguvu, nao mwili wa mbao mwembamba haukuundwa kwa mishtuko hiyo. Kwa hiyo ilibidi kulenga mbele tu, mashua yenyewe ikielekezwa kwa adui. Katika majaribio ya Juni 1915 kwenye mto Thames, Mimi ilipiga shabaha yake, lakini mzinga haukuwa umefungwa barabara kwenye sitaha. Mzinga na mpigaji wake wakatumbukia mtoni.

Safari

Mashua ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume katika Katanga. Kutoka hapo zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na maksai, huku vibarua wengi Waafrika wakikata njia, wakijenga madaraja na kubeba maji ya mitambo. Baadaye zilishuka mto Lualaba, zikapanda reli tena, na kufika ziwani karibu na Kalemie ya leo mwezi Oktoba. Bila kazi ya vibarua hao mashua zisingeliona ziwa.

Mapigano

Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou ziliikamata Kingani. Mzinga wa Kingani nao ulielekea mbele tu, na meli ya kuni haikuweza kugeuka haraka kama mashua za petroli.

Kingani iliyotekwa ilizibwa tundu, ikaitwa Fifi, na ikawekewa mzinga mkubwa zaidi. Hapa kanuni ileile ilionekana tena: kila ulipopigwa, mshindo wake ulikaribia kuisimamisha meli palepale. Hata hivyo ni mzinga huo uliofika mbali. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi iliichelewesha Hedwig von Wissmann kwa mwendo wake, na Fifi ikaizamisha.

Siku iliyofuata Graf von Goetzen ilionekana, lakini Spicer-Simson hakuishambulia. Ilikuwa imewekewa mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji. Baadaye mzinga huo uliondolewa ukatumike nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mfano wa mbao. Kasanga pia, kusini mwa ziwa, Waingereza waliihofia mizinga ya ngome, kumbe ilikuwa ya mbao.

Matokeo

Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Goetzen tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuzipaka injini zake grisi nyingi. Siku chache baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Waingereza waliiopoa meli hiyo mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na kuwekwa za dizeli, lakini mwili ulibaki uleule.

Mimi na Toutou zilifaa kwa vita vya miezi michache. Liemba, iliyoundwa nzito, iliweza kupokea injini mpya na kuwahudumia abiria na wafanyabiashara wa mwambao wa ziwa kwa miongo mingi.