Nairobi hadi New York: Mbona Kurudi ni Haraka Kuliko Kwenda?

Mzazi anayekuja Marekani kwa mara ya kwanza huangalia tiketi na kuona ndege inaondoka Nairobi saa sita usiku, inatua New York saa moja asubuhi. Akihesabu, anapata saa saba. Safari yenyewe ni ya saa 15 hivi. Saa nane zilizobaki zimemezwa na tofauti ya majira, kwa sababu kila uwanja huandikiwa saa za mahali pake.

Kati ya uwanja wa JKIA wa Nairobi na ule wa JFK wa New York kuna takriban kilomita 11,800. Ukipiga rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita Nigeria na Mauritania. Sasa vuta uzi juu ya tufe la darasani: unapanda Uganda, Chad, Niger na Algeria, kisha unaiacha Afrika pale Morocco. Hiyo ndiyo njia fupi zaidi, ingawa marubani huipinda kufuata upepo na kukwepa anga iliyofungwa.

Boeing 787 huenda karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo saa 13 zingetosha. Kinachoharibu hesabu ni upepo. Juu ya Atlantiki, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa hewa unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi kali unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ukienda New York unakukabili usoni; ukirudi nyumbani unakusukuma mgongoni. Ndiyo maana kurudi huchukua karibu saa 14, wakati mwingine pungufu. Muda wa tiketi pia unahesabu ndege inavyojikokota ardhini kabla ya kupaa na baada ya kutua.

Nairobi ina ugumu wake. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hivi hunyanyuka kwa shida jua likiwa kali, na ubaridi wa usiku huisaidia sana.

Njia hii haikufunguka kirahisi. Kenya ilipata Daraja la Kwanza la usalama kutoka mamlaka ya anga ya Marekani Februari 2017, na Kenya Airways ikaanza safari Oktoba 28, 2018. Kabla ya hapo wazee wetu walilazimika kubadili ndege Amsterdam, London au Dubai, na kwa asiyejua lugha ya huko ilikuwa adha kubwa. Kwangu mimi, kuepukana na adha hiyo ndiyo faida kuu ya ndege ya moja kwa moja.

Unapompigia simu mama, mtajie saa za kule atakakotua, na tarehe pia. Kumbuka Marekani hubadilisha saa Machi na Novemba. Kenya haibadilishi, kwa hiyo tofauti huwa saa saba au nane.