Opera Mini

Opera Mini ni kivinjari cha wavuti kwa ajili ya simu za mkononi. Kinatengenezwa na kampuni ya Opera iliyoanzia nchini Norwei. Kilijaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005 na kutolewa duniani kote tarehe 24 Januari 2006.

Kinajulikana hasa kwa kupunguza kiasi cha data kinachotumika kufungua kurasa za intaneti. Kwa sababu hiyo kilipata watumiaji wengi katika nchi ambazo simu ndiyo njia ya kwanza ya watu kuingia mtandaoni, zikiwemo Tanzania na Kenya. Njia inayotumika kupunguza data ina faida kubwa, lakini pia ina athari kwa faragha ya mtumiaji.

## Historia

### Asili ya Opera

Kivinjari cha kwanza duniani kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 alipokuwa akifanya kazi CERN, Uswisi. Mwaka 1993 kilitoka Mosaic, kilichowavutia watu wa kawaida kwa kuonyesha picha pamoja na maandishi. Netscape ilifuata mwaka 1994 na Internet Explorer mwaka 1995.

Opera ilianza mwaka 1994 kama mradi wa utafiti ndani ya Telenor, kampuni ya simu ya Norwei. Waanzilishi wake walikuwa Jon Stephenson von Tetzchner na Geir Ivarsøy. Mwaka 1995 waliunda kampuni yao wenyewe. Programu yao ilikuwa ndogo na ilifanya kazi hata kwenye kompyuta zenye uwezo mdogo. Kwa miaka mingi toleo la kompyuta liliuzwa au lilionyesha matangazo. Tangu Septemba 2005 linapatikana bure bila matangazo hayo.

### Kuhamia kwenye simu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simu nyingi ziliweza kusoma kurasa za WAP tu, yaani kurasa fupi zilizoandikwa maalumu kwa ajili ya simu. Tovuti za kawaida zilikuwa nzito mno kwa kumbukumbu na vichakato vya simu hizo. Opera ilitafuta njia ya kuzifungua bila kuitwika simu kazi hiyo.

Majaribio yalianza tarehe 10 Agosti 2005 kwa kushirikiana na kituo cha televisheni cha TV 2 cha Norwei. Baada ya kusambazwa katika nchi chache za Ulaya, kivinjari kilifunguliwa kwa watu wote mwezi Januari 2006. Kiliandikwa kwa Java, hivyo kiliweza kuwekwa kwenye simu za batani za kampuni mbalimbali.

Toleo la 4 lilitoka Novemba 2007. Liliwezesha kuona ukurasa mzima kama kwenye kompyuta na kisha kukuza sehemu inayotakiwa. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2010, lilileta vichupo, ambavyo humwezesha mtu kufungua kurasa kadhaa kwa wakati mmoja. Mwaka huohuo kivinjari kiliruhusiwa kwenye iPhone.

### Mabadiliko ya umiliki

Von Tetzchner aliondoka kwenye kampuni mwaka 2011, na baadaye alianzisha kivinjari kingine kiitwacho Vivaldi. Mwaka 2016 biashara ya vivinjari vya Opera ilinunuliwa na kundi la wawekezaji kutoka China. Tangu Julai 2018 hisa za Opera zinauzwa katika soko la Nasdaq, Marekani.

## Namna kinavyofanya kazi

Kivinjari cha kawaida huwasiliana na seva ya tovuti moja kwa moja. Hupakua maandishi, picha, mitindo na programu ndogo za JavaScript, kisha huvipanga chenyewe kwenye skrini. Opera Mini hugawa kazi hiyo katika hatua nne:

1. Simu hutuma anwani ya ukurasa kwa seva za Opera.
2. Seva hizo huuchukua ukurasa kutoka kwenye tovuti husika.
3. Seva huupanga ukurasa, hupunguza ukubwa wa picha na kuubana wote katika muundo uitwao OBML.
4. Simu hupokea ukurasa uliokwisha kubanwa na kuuonyesha.

Kampuni imeeleza kwamba njia hii inaweza kupunguza data hadi asilimia 90, ingawa kiasi halisi hutegemea aina ya ukurasa. Kwa mfano, ukurasa wa megabaiti 2 ukipunguzwa kwa asilimia 90 hubaki na kilobaiti 200 hivi. Kwa kifurushi cha megabaiti 50, mtu angefungua kurasa kama hizo 25 bila kubana, au 250 kwa kubana. Muda nao hupungua: simu inayopokea kilobiti 40 kwa sekunde ingehitaji karibu dakika 7 kupakua megabaiti 2, lakini sekunde 40 tu kupakua kilobaiti 200.

Kwa kuwa JavaScript huendeshwa kwenye seva na si kwenye simu, tovuti zinazobadilika bila kufungua ukurasa upya hazifanyi kazi vizuri. Mara nyingi kubonyeza kitufe hulazimisha simu kurudi kwenye seva. Ramani, michezo na mazungumzo ya papo kwa papo huweza kukwama.

Matoleo ya Android yana viwango viwili vya kubana. Kiwango cha juu zaidi hufuata utaratibu ulioelezwa hapa. Kiwango cha kawaida hutumia zaidi uwezo wa simu yenyewe, huokoa data kidogo, na hufungua tovuti za kisasa kwa usahihi zaidi.

## Sifa nyingine

* Alamisho na ukurasa wa mwanzo wenye njia za mkato za tovuti zinazotembelewa mara kwa mara.
* Kuhifadhi kurasa ili zisomwe baadaye bila intaneti.
* Hesabu ya data iliyookolewa, inayoonekana kwenye mipangilio.
* Vichupo vya faragha, ambavyo havihifadhi historia kwenye simu.
* Lugha nyingi za menyu, Kiswahili kikiwa mojawapo.

## Matumizi katika Afrika Mashariki

Opera Mini ilifika wakati intaneti ya Afrika Mashariki ilikuwa ghali na ya polepole. Hadi mwaka 2009 pwani ya eneo hilo haikuwa na kebo ya baharini ya nyuzi za mwanga, na mawasiliano ya nje yalitegemea satelaiti. Kebo ya SEACOM ilianza kazi Julai 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Nchini Tanzania, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipeleka nyuzi hizo mikoani, ikiwemo Tabora.

Hata hivyo, kebo inayofika makao makuu ya mkoa haimfikii kila mkazi wa mkoa huo. Sehemu ya mwisho ya safari hupita kwenye mnara wa simu, na mtumiaji hulipia kila megabaiti. Mfano ni Ulyankulu, katika Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora. Ni eneo la wakulima lililopanuka kutokana na makazi yaliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Mwanafunzi wa huko anayetafuta matokeo ya mtihani wake kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) anahitaji maandishi na majedwali tu. Kurasa za namna hiyo hufunguka vizuri katika Opera Mini, hata kwa simu ya batani na salio dogo.

## Usalama na faragha

Anwani inayoanza na *https* huonyesha kwamba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti yamesimbwa, hivyo aliye katikati hawezi kuyasoma. Katika kiwango cha juu zaidi cha kubana, Opera Mini hubadilisha hali hiyo. Mawasiliano husimbwa kutoka kwenye simu hadi seva za Opera, na tena kutoka seva hizo hadi kwenye tovuti. Lakini ndani ya seva ukurasa hulazimika kufunguliwa, kwa kuwa haiwezekani kupanga na kubana kisichosomeka. Opera yenyewe imewahi kueleza kwamba mtu anayehitaji usimbaji kamili kati ya simu na tovuti atumie kivinjari cha aina nyingine.

Kwa matokeo ya mtihani, ambayo yametangazwa hadharani, jambo hili halina uzito mkubwa. Kwa nywila ya barua pepe au akaunti ya benki, lina uzito: mtumiaji anaiamini kampuni ya tatu kuitunza siri yake. Vichupo vya faragha haviondoi tatizo hilo, kwa sababu hufuta historia kwenye simu tu. Huduma za pesa kwa simu kama M-Pesa, zinapotumiwa kupitia menyu ya namba yenye nyota na alama ya reli, hazipiti kwenye kivinjari na haziguswi na suala hili.

Mwenye toleo la Android anaweza kuzima ubanaji kwenye mipangilio kabla ya kuingia kwenye akaunti muhimu, kisha kuuwasha tena. Njia nyingine ni kutumia vivinjari viwili: Opera Mini kwa kusoma habari na kingine kwa akaunti zenye siri.

## Vivinjari vinavyofanana

UC Browser kutoka China nacho kilitumia seva kubana kurasa. Google Chrome ya Android ilikuwa na hali ya kuokoa data, lakini Google iliiondoa mwaka 2022.

## Tazama pia

* Kivinjari
* Intaneti
* Mozilla Firefox
* Google Chrome