Uzito wa Ekseli, Uhai wa Barabara

Barabara ya lami ikianza kutitia miaka michache baada ya kuzinduliwa, lawama ya kwanza humwangukia mkandarasi na ya pili hupewa mvua. Mara nyingine lawama hizo ni za haki, maana lami iliyowekwa chini ya kipimo ipo, na mitaro iliyoziba ipo. Lakini sisi tunaochunguza barabara tunajua chanzo kingine, ambacho kimepimwa na kuthibitishwa kwa zaidi ya miaka 60 na bado hakijawakaa wengi kichwani: namna uzito unavyoikanyaga barabara kupitia ekseli mojamoja.

Jaribio lililoweka msingi wa elimu hii lilifanyika karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani. Chama cha maofisa wa barabara wa majimbo ya nchi hiyo kilijenga vitanzi sita vya barabara vyenye vipande 836 vya majaribio, vingine vya lami na vingine vya zege, vikitofautiana kwa unene na kwa matabaka ya chini. Kuanzia mwishoni mwa 1958 hadi Novemba 1960, wanajeshi waliendesha malori juu ya vitanzi vitano. Kitanzi kilichobaki hakikupitiwa na gari, ili ionekane hali ya hewa peke yake inaharibu nini. Kila njia ilitengewa aina yake ya ekseli na uzito wake, na hadi mwisho ekseli takriban milioni 1.1 zilikuwa zimepita katika kila njia. Wapimaji walifuatilia nyufa, viraka na kina cha mifereji iliyochimbwa na magurudumu, wakaandika kila kipande kilifikia lini hali ya kutofaa tena kwa msafiri.

Matokeo yake ndiyo yanayotumika hadi leo. Uharibifu wa barabara haupandi sambamba na uzito. Hupanda kwa kipeo cha nne. Ekseli ikiwa na uzito mara mbili ya nyingine, huiumiza barabara si mara mbili bali mara 16. Ekseli ya tani 13 huharibu karibu mara tatu kuliko ya tani 10, ingawa imezidi kwa tani tatu tu. Kwa hesabu hiyohiyo, ekseli moja ya lori yenye tani 10 huumiza barabara kama ekseli 30,000 hivi za gari dogo lenye tani moja na nusu. Ndiyo maana mhandisi anapopanga unene wa barabara kuu, magari madogo karibu hayaingii kwenye hesabu. Anachofanya ni kugeuza malori yote yatakayopita kwa miaka 15 au 20 kuwa ekseli za kipimo kimoja, tani 8.16 kila moja, kisha anajenga kwa idadi hiyo. Kipeo chenyewe hubadilika kulingana na aina ya barabara, na mwongozo wa Uingereza kwa nchi za joto, uliotumika sana Afrika, huweka 4.5. Kwa malori yaliyozidisha mzigo, kipimo hicho ni kikali zaidi.

Hapa kwetu elimu hiyo imeingia kwenye sheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Ndani yake, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne haivuki tani 10, kundi la ekseli mbili tani 18, na kundi la ekseli tatu tani 24. Wasafirishaji wengi huitazama ile 56 na kuyasahau hayo mengine, na hapo ndipo barabara inapoumia kimyakimya.

Chukua mzigo wa shaba kutoka Zambia au Kongo unaoshuka kwa barabara ya Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam. Shaba ni nzito kuliko inavyoonekana. Vifurushi vya bamba, vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma, hupangwa sakafuni mwa tela na nafasi kubwa hubaki wazi, kiasi kwamba asiyejua atadhani gari limebeba nusu ya uwezo wake. Sasa usogeze mzigo huo wote wa tani 30 kuelekea mbele kwa nusu mita tu. Tani kama mbili zitahama kutoka ekseli tatu za tela na kuhamia kwenye kichwa, nyingi zikikalia ekseli zake mbili za nyuma. Ekseli hizo zikitoka tani 18 hadi 20, uharibifu wake huongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Nafuu zinayoipata ekseli za tela hufidia takriban nusu tu ya hasara hiyo. Jumla ya gari haijabadilika hata kilo moja, lakini barabara imeumia zaidi, na dereva akifika mizani atatozwa faini kwa kosa lililofanywa na aliyempakilia.

Kwa hiyo mizani si kero ya barabarani, ni kifaa cha kulinda mali ya umma. Utafiti umesaidia pia kupunguza foleni zake. Katika mizani kama ya Vigwaza mkoani Pwani, vihisio vilivyofukiwa barabarani hupima gari likiwa linatembea, na lile linaloonekana kuzidisha ndilo linaloelekezwa kwenye mizani ya kusimama. Lori lililopakiwa sawasawa linaendelea na safari yake.

Uzito una mwenzake, nao ni joto. Chini ya jua letu, uso wa lami hupita nyuzijoto 60, na katika hali hiyo lami hulainika. Tena hubonyea zaidi kadiri gurudumu linavyokaa juu yake muda mrefu. Lori linalopita uwanda kwa kilomita 80 kwa saa huigusa sehemu moja ya lami kwa muda mfupi mno. Lilelile likipanda mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza huikandamiza kwa muda mara kadhaa zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya mifereji ya magurudumu kuwa na kina kikubwa kwenye miinuko, kwenye makutano na kwenye vituo, mahali ambapo malori hutambaa au husimama.

Maabara zina majibu kwa hilo. Kipo kipimo kilichoanzia Hamburg, Ujerumani, ambapo gurudumu la chuma hupitishwa maelfu ya mara juu ya bamba la lami lililozamishwa kwenye maji ya moto, na kina cha mfereji husomwa kila linapopita. Afrika Kusini imekuwa mstari wa mbele duniani tangu miaka ya 1970 kwa mtambo wake unaowekwa juu ya barabara halisi na kuliendesha gurudumu zito mbele na nyuma usiku na mchana, hata kwa miezi michache barabara ipate mateso ya miaka mingi. Vipimo vya namna hii vimetufundisha kuchagua kokoto zenye pembe kali zinazoshikana, kupunguza kiasi cha lami kwenye mchanganyiko panapohitajika, na kuongeza polima inayoifanya lami istahimili joto. Njia ya kupandia mlima inastahili mchanganyiko wake, tofauti na ule wa uwandani. Kuweka lami ya aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mradi ni uchumi wa leo unaozaa deni la kesho.

Mtu anaweza kuona haya ni mambo ya wahandisi tu. Sivyo. Barabara hujengwa na mwinamo mdogo ili maji yatiririke pembeni. Mfereji wa gurudumu hukata mwinamo huo na kuyazuia maji. Mfereji wenye kina cha milimita 12 hivi unatosha kushika maji ya kuinua tairi la gari linalokwenda kasi, likateleza bila kugusa lami, na usukani ukakosa kazi. Dereva wa bodaboda akitaka kulipita gari lililo mbele hana budi kuvuka ukingo wa mfereji huo, na pikipiki huyumba.

Kwenye mteremko hatari hubadilika sura. Lori la tani 56 likishuka mlima kwa mwendo usiobadilika, kila mita 100 za kimo huzalisha joto la kuchemsha zaidi ya lita 160 za maji. Joto hilo lisipochukuliwa na injini kupitia gia ndogo, huishia kwenye breki, nazo zikipata moto kupita kiasi hazishiki tena. Kila tani iliyozidi ni joto jingine, na dereva anayeteremka akiwa ameiweka gia huru ili kuokoa mafuta ameiachia breki mzigo wote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka 2021, na ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki.

Wanaosema kuzidisha mzigo ndiko kunakoleta faida wakumbuke Kenya. Mapema miaka ya 1970, watafiti wa Uingereza na Benki ya Dunia walipima barabara na gharama za magari nchini humo, za mafuta, tairi, vipuri na matengenezo. Takwimu hizo za Afrika Mashariki zilizaa modeli za kompyuta zilizotumika baadaye katika nchi nyingi kuonyesha kwamba barabara mbovu humgharimu mwenye gari kuliko mtu mwingine yeyote. Tani za ziada za leo hulipwa kesho kwa springi na tairi, na mlipaji ni msafirishaji yuleyule.

Kwa hiyo nawaomba wenye mizigo: wekeni mizani ghalani, mpime kila kundi la ekseli kabla gari halijatoka getini, wala msimwachie dereva dhambi ya upakiaji wenu. Wenye magari, lipeni madereva kwa namna isiyowasukuma kukimbizana na idadi ya safari. Na wanaosimamia bajeti za barabara wazitengee maabara fedha za kupima lami ya milimani kwa joto la kwetu, kabla ya tenda kutangazwa. Elimu tunayo, sheria tunayo. Kinachobaki ni kuzitii, kwa sababu kila ekseli inayopita leo ikiwa imezidi itadaiwa barabara mpya kabla ya wakati wake, na mara nyingine itadaiwa maisha ya mtu.