Magofu ya Engaruka na Athari za Utalii

Mtahiniwa, swali la athari za utalii huonekana rahisi, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Mwanafunzi huandika "huleta fedha za kigeni, hutoa ajira, huharibu mazingira" kisha anafunga daftari. Hizo ni hoja zisizo na maelezo. Katika sehemu hii tutatumia mfano mmoja, Engaruka, ili ujizoeze kuifuata hoja hadi mwisho wake.

Engaruka ni nini?

Engaruka ni magofu ya makazi ya kale yaliyopo Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha. Yapo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye njia itokayo Mto wa Mbu kuelekea mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Kuanzia takribani karne ya 15 hadi ya 18 paliishi hapo jamii kubwa ya wakulima. Mambo makuu ya kukumbuka ni haya:

(a) Makazi. Kulikuwa na vijiji saba kwenye mteremko. Nyumba zilijengwa juu ya matuta ya ngazi yaliyozuiwa kwa kuta za mawe.

(b) Kilimo. Eneo hili hupata mvua kidogo. Wenyeji walichimba mifereji kutoka vijito vinavyoshuka milimani, wakamwagilia mashamba yenye ukubwa wa takribani hekta 2,000. Zao kuu lilikuwa mtama.

(c) Ufugaji. Ng'ombe walifungiwa kwenye mazizi ya mawe na mbolea ikapelekwa shambani.

(d) Teknolojia. Mawe yalipangwa bila chokaa wala udongo wa kuyashikanisha.

Karne ya 18 makazi yalihamwa. Sababu zinazotajwa na watafiti ni kupungua kwa maji, kuchoka kwa ardhi na kuingia kwa wafugaji wa Kimaasai. Unapoulizwa sababu, taja zaidi ya moja, kwani wataalamu bado hawajakubaliana.

Ulinganisho: Machu Picchu

Nchini Peru, Amerika Kusini, kuna makazi ya milimani yaitwayo Machu Picchu. Yalijengwa na Wainka takribani mwaka 1450, kwenye urefu wa mita 2,430 kutoka usawa wa bahari. Nayo yana matuta ya ngazi, mifereji ya maji na kuta zilizopangwa bila chokaa. Mwaka 1983 yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kabla ya janga la UVIKO-19 yalipokea zaidi ya wageni milioni 1 kwa mwaka. Nyayo nyingi kiasi hicho hulegeza udongo na kusaga mawe, ndiyo maana serikali ya Peru imeweka idadi ya juu ya wageni kwa siku, saa maalumu za kuingia na njia ambazo mgeni haruhusiwi kutoka.

Engaruka ina tatizo la upande wa pili. Wageni wengi wa Kaskazini huenda Ngorongoro na Serengeti; wachache ndio hushuka kutazama magofu. Wageni wakiwa wachache, kiingilio ni kidogo. Kiingilio kikiwa kidogo, fedha za walinzi, vibao na ukarabati hupungua. Ukuta usio na chokaa ukikanyagwa na mifugo au ukichukuliwa mawe yake kwa ujenzi, hauwezi kurudi ulivyokuwa.

Hili ndilo fundisho kuu la sehemu hii: urithi huharibiwa na utalii usio na mipaka, na huharibika pia pale usipokuwa na mtu anayenufaika kwa kuulinda.

Athari chanya

1. Kipato kwa wenyeji. Mgeni anayelala Engaruka humlipa mwongoza watalii, mpishi na mwenye kambi. Wewe wa Tunduma unalijua hili: lori linapokwama mpakani siku mbili, mama lishe, bodaboda na mwenye nyumba ya wageni wote wanapata.

2. Sababu ya kuhifadhi. Mwanakijiji anayepata riziki kutokana na magofu atamkemea anayebeba mawe yake.

3. Elimu. Magofu yanathibitisha kuwa Waafrika walikuwa na kilimo cha umwagiliaji cha hali ya juu kabla ya ukoloni.

Athari hasi

1. Uharibifu wa kivutio. Mfano upo mkoani kwetu Songwe. Kimondo cha Mbozi, kilichopo kijiji cha Ndolezi, kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Ukikifikia, tazama ncha yake nyembamba: ina alama za watu waliokata vipande ili waondoke na kumbukumbu. Kama chuma kimekatwa, jiwe lililopangwa tu litasalimika vipi?

2. Kupanda kwa gharama. Wageni wakiongezeka, bei ya chumba, chakula na kiwanja hupanda, na mwenyeji asiyefanya biashara ya utalii hulipa bei hiyo hiyo.

3. Mila kugeuzwa bidhaa. Ngoma ya sherehe huchezwa kila gari linaposimama, hadi watoto wasijue ilikuwa ya nini.

4. Mgawanyo usio sawa wa mapato. Mgeni akilipia safari yote mjini, kijijini hubaki vumbi la gari.

Namna ya kujibu

Kila hoja iwe na sehemu tatu: itaje, ieleze, itolee mfano. Tazama:

"Utalii huweza kuharibu kivutio chenyewe. Hii hutokea pale wageni wanapogusa, kukanyaga au kuchukua sehemu ya kivutio bila usimamizi. Kwa mfano, Kimondo cha Mbozi kina alama za kukatwa na watu waliotaka kumbukumbu."

Sentensi tatu tu, na mtahini hana sababu ya kukunyima alama.

Zingatia: usiandike kuwa Engaruka ilijengwa na Wainka au Waarabu. Ilijengwa na Waafrika wa eneo hilo. Kosa hili hufuta hoja nzima.

Maswali ya kujipima

1. Eleza mambo manne yanayoonesha kuwa wakazi wa Engaruka walikuwa na teknolojia ya juu.
2. "Uchache wa watalii ni hatari kwa urithi kama ulivyo wingi wao." Jadili kwa kutumia Engaruka na Machu Picchu.
3. Wewe ni mwenyekiti wa kijiji cha Ndolezi. Pendekeza hatua tano za kuongeza wageni kwenye Kimondo bila kukiharibu.