Lumbesa: Jasho la mama, faida ya dalali

Unapomenya viazi vya chakula cha leo, je, umewahi kujiuliza mama aliyevilima kule Kinangop alipata kiasi gani?

Mara nyingi dalali humfuata shambani na kununua kwa gunia, si kwa kilo. Gunia lenyewe huongezwa wavu juu na kujazwa hadi likawa lumbesa. Bei ni ya gunia moja; nyongeza huenda bure. Mama atakataaje? Hana lori, hana ghala, karo ya watoto inadaiwa, na viazi vikikaa vitachipua.

Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50. Lakini sheria bila mizani ni karatasi tu. Afadhali akina mama waungane katika chama, wanunue mizani yao, wakusanye mazao mahali pamoja na kutaja bei kwa sauti moja. Dalali humwonea mmoja. Wakiwa ishirini, atapatana nao.

Nawe mkazi wa mjini, ukienda sokoni dai kupimiwa kwa kilo. Tukizoea kilo sote, lumbesa itakosa soko.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mama huyu achumia juani. Mbona kivulini aketi mwingine?