Ramani ya Tabaka Juu ya Tabaka

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ramani nayo ni vivyo hivyo. Haichorwi kwa mkupuo mmoja, bali hupangwa tabaka juu ya tabaka, mfano wa karatasi nyepesi zinazopenya nuru.

Mnamo mwaka wa 1854 kipindupindu kilivamia mtaa wa Soho, jijini London. Wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa chafu, lakini daktari John Snow alishuku maji. Alichukua ramani ya barabara, akatia alama ya kila kifo, akaonyesha na mabomba ya maji. Kumbe vifo vilirundikana kando ya bomba la Broad Street! Nyumba ya kutunzia maskini iliyokuwa karibu ilipata vifo vichache tu, maana ilikuwa na kisima chake. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba hilo uling'olewa, ingawa Snow mwenyewe alikiri kwamba maradhi yalikuwa yameanza kupungua.

Leo tunaweza kuichora ramani hiyo kwa tarakilishi, kwa lugha ya R iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand. Data yenyewe imo katika kifurushi kiitwacho HistData: barabara, vifo 578 na mabomba 13.

Je, tunaanzaje? Kwanza, amri ya "plot" hutandika ukurasa mpya. Pili, "lines" huchora barabara juu yake. Tatu, "points" hutia vifo, kisha mabomba kwa rangi nyingine. Lakini tahadhari! Mimi mara ya kwanza niliandika "plot" mara tatu. Kila mara ukurasa ulianza upya, nikabaki na mabomba 13 matupu, vifo havipo! Pia, kinachochorwa mwisho hukaa juu. Ukipaka eneo rangi baada ya kutia nukta, umezifunika.

Tena matabaka yote sharti yatumie vipimo vya aina moja. Barabara zikiwa kwa mita na vifo kwa digrii, nukta zitatoroka nje ya ukurasa, na R haitakukemea.

Wanafunzi wenzangu, kila nukta ilikuwa mtu. Orodha ya vifo peke yake haikutaja bomba, wala mabomba peke yake hayakutaja marehemu. Vilipopandanishwa ndipo vikasema. Shime basi, tujifunze kuchora!