Kwa nini kombe hutoa povu likikamuliwa ndimu?



Juzi tulikuwa Ras al Hadd, ile ncha ya mashariki ya Bara Arabu. Mpwa wangu akakamulia ndimu juu ya kombe la chaza, likaanza kuchemka bila ya moto. "Mjomba, linapumua?" Basi namjibu hapa, kwani wengi wetu tulisomeshwa kemia kwa lugha za wenyewe.

Kombe ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo katika mawe ya matumbawe yanayochomwa chokaa kule Unguja. Tindikali ya ndimu ikiligusa, inalivunja: kalsiamu inabaki ndani ya majimaji, na kaboni dayoksaidi, yaani hewa ya ukaa, inaachiwa. Sasa, maji nayo yana kikomo. Katika joto la nyuzi 25, lita moja humeza kama gramu 1.5 tu ya hewa hiyo. Inayozidi hujikusanya kwenye mikwaruzo ya kombe, inakuwa kipovu, kinapanda. Na hewa yenyewe si haba: gramu 1 ya kombe hutoa karibu robo lita.

Kwa hivyo povu linataka mambo mawili: mmenyuko uzae hewa, na uizae upesi kuliko maji yanavyoweza kuimeza. Ndiyo maana hata ukoko mweupe wa birika hutoa povu ukitiwa siki. Ni kaboneti ile ile.

Hapa ndipo penye hatari. Watu wakiona povu hudhani ndio usafi, wakaanza kuchanganya dawa za chooni. Lakini povu halikwambii ni hewa gani inayotoka. Jik au Clorox ikichanganywa na siki, ndimu au dawa ya choo yenye tindikali hutoa klorini, hewa iliyotumiwa kuulia askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Tena inaweza kutoka bila ya povu lolote la kuonekana. Katika choo kisicho na dirisha inaunguza macho na kifua, na inaweza kuua.

Likitokea, toka nje mara moja, wala usirudi kumwaga ndoo. Anayekohoa au kubanwa na pumzi apelekwe hospitali. Na tafadhalini, waelezeni na wale wanaotusafishia majumba yetu, kwa lugha wanayoifahamu. Wao ndio wanaoshika hizo chupa kila siku.